Naomba ushauri: bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo) la kwanza la binti aligaweje?

Habari zenu wazazi wenzangu. Binti anaripoti chuo Dodoma, mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) kapata. Naandaa maelekezo ya kumpa kabla hajapanda basi, naomba mnikosoe.

Pesa ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, na huingia kwa mkupuo wa takriban siku 60, yaani kama laki sita. Hapo ndipo watoto hukwama: wiki ya kwanza simu mpya, wiki ya tano anakopa chipsi. Nawaza siku ikiingia alipe chumba kwanza, kisha anunue mchele kilo 10, maharage kilo 5, mafuta lita 3, na kujaza mtungi mdogo wa gesi. Inayobaki aigawe mafungu manane, kila Jumatatu ahamishie simuni fungu moja tu. Kadi ya benki ibaki sandukuni.

Fungu la kwanza mara nyingi huchelewa, maana lazima asajiliwe na asaini kwanza, na namba ya akaunti ikikosewa tarakimu moja, anasubiri zaidi. Kwa hiyo nampa ya kula wiki tatu, taslimu. Bima ya afya nalipa mwenyewe, hiyo sitaki iguswe kabisa.

Ninapokwama ni hapa: hosteli nyingi hukataza kupika, sasa gesi na mchele vitakuwa na kazi gani? Mwaka wa kwanza akae hosteli ale kwa mama ntilie, au apange na mwenzake nje wapike? Na laki moja na nusu kwa hizo wiki tatu itamtosha?