Mjadala: Je, ni haki mke wa rais kufanywa mhusika wa katuni ya vichekesho?

Ndugu zangu, wapo wanaosema kwamba mke wa rais hakupigiwa kura na mtu yeyote, kwa hiyo watunzi wa vichekesho wamwache yeye na washughulike na mumewe. Naiheshimu hoja hiyo, lakini kisa cha Barbara Bush, mke wa Rais George H. W. Bush wa Marekani, kinanifanya niikatae.

Mwaka 1990, akiwa Ikulu, Barbara aliliambia jarida la People kwamba The Simpsons, katuni ya televisheni kuhusu familia ya akina Simpson, ni kitu cha kijinga kuliko vyote alivyowahi kuviona. Watunzi hawakumjibu kwa matusi, bali walimwandikia barua ya upole kwa jina la Marge, yule mama wa familia hiyo mwenye nywele za buluu zilizosimama kama mnara, wakisema kwamba ameumizwa na maneno hayo ilhali wao wawili wanafanana, kila mmoja akiishi kwa kumtumikia mumewe. Barbara alijibu. Alimwomba Marge amsamehe kwa kujikwaa ulimi, na chini kabisa ya barua akaongeza kwamba Homer, mume wa Marge, ni mwanamume mtanashati.

Januari 1992 Rais George H. W. Bush mwenyewe alichochea moto upya aliposema kwamba familia za Marekani zifanane zaidi na akina Walton, familia ya tamthilia nyingine ya televisheni, kuliko akina Simpson. Miaka minne baadaye, Bush akiwa ameshatoka madarakani, katuni hiyo iliwahamishia wawili hao katika nyumba inayotazamana na ya akina Simpson. Humo George ni mzee mwepesi wa hasira, anayemlaza Bart, mtoto wa Marge na Homer, magotini na kumchapa. Barbara anampenda mtoto huyo, na ndiye anayemshinikiza mumewe aombe radhi. Kwangu mimi, huyo ni Barbara yuleyule wa ile barua.

Kinachonikera ni sauti. Aliyesikika hakuwa Barbara bali mwigizaji Tress MacNeille, na mtu anayewekewa maneno kinywani hana nafasi ya kuyakanusha palepale. Ndiyo maana nashikilia kwamba mchoro ufuate alichokisema au kukitenda mhusika hadharani, na kamwe usijengwe juu ya mvi zake, mwili wake wala uchungu wa nyumbani kwake.

Wanaotaka mke wa rais asiguswe kabisa, naomba wanieleze: anapoikosoa kazi ya wengine gazetini, wenye kazi hiyo wamjibu kwa njia gani?