Mjadala: Jedwali la vitenzi vya Kiingereza visivyofuata kanuni, liendelee kukaririshwa?

Mleta mada:
Wakuu, mwanafunzi anapewa jedwali la safu tatu, arise, arose, arisen, anaambiwa alimeze lote kuanzia juu hadi chini. Napinga. Limepangwa kwa alfabeti, kwa hiyo arise na awake vinatangulia huku go, see na take vikisubiri chini. Ilhali vitenzi kumi vinavyotumika zaidi katika Kiingereza, be, have, do, say, make, go, take, come, see na get, vyote havifuati kanuni. Aanze na hivyo.

Vilivyobaki, vingi vina koo zake. Sing, ring, drink, swim na begin vinageuza i kuwa a, kisha u. Know, grow na throw vinakuwa knew, grew, threw. Cut, put na shut havibadiliki kabisa. Mengi ya haya ni mabaki ya Kiingereza cha Kale, ambapo vitenzi vingi vilibadili irabu ya ndani badala ya kuongezewa kiambishi mwishoni.

Na mtoto akisema goed, asichekwe. Keshaishika kanuni ya -ed, ameipitiliza tu. Hata watoto waliozaliwa na Kiingereza huanza na went, wakaingia kwenye goed, kisha wakarudi.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, koo hizo zinadanganya. Mwanafunzi akishazoea sing, sang, atakuandikia bring, brang. Akishika know, knew, flow anaigeuza flew. Jedwali halimpi matumaini ya uongo: neno na umbo lake, basi. Halafu mtoto mwenye lugha yake anasikia went kutwa nzima. Anayejifunza darasani, asipokariri, ataisikia wapi?

Mchangiaji wa pili:
Mnagombania kitu kinachoyeyuka. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2007 ulifuatilia vitenzi 177 visivyofuata kanuni vya Kiingereza cha Kale. Leo 98 tu ndivyo bado viko hivyo. Help iliwahi kuwa holp, sasa ni helped. Tuviache vinyooke.

Mleta mada:
Ndugu, utafiti huohuo unaonyesha kwamba vinavyonyooka haraka ni vile visivyotumika sana. Went iko midomoni mwa watu kila saa, haiendi popote, na mtahini ataitaka mwaka huu na mwakani. Ndiyo maana nasisitiza tuanze na vinavyotumika zaidi.

Mwalimu wa brang, hoja yako ni nzito. Jibu langu ni kuutanguliza ukoo wa bring, think, buy, teach na catch, wenye brought, thought, bought, taught, caught, mapema kabla ya sing, ili brang isipate nafasi. Kukariri sikukatai hata kidogo. Ninachokataa ni kukariri safu tupu bila sentensi: mtoto anaimba go, went, gone vizuri kabisa, halafu ukimwambia aeleze safari yake ya jana anaandika I go yesterday. Huyo umemfundisha nini? Wewe darasani kwako, baada ya jedwali, unampa zoezi gani?