Siku mbili Mji Mkongwe na mama mzazi: Forodhani, Lukmaan au vyakula vya mtaani?

Mama Wawili, Morogoro

Habari zenu ndugu zangu. Februari nataka kumpeleka mama Unguja. Ana miaka 68 na hajawahi kuvuka maji. Watoto nao watakuwepo, mmoja ana miaka tisa na mwingine sita. Tutalala usiku mbili tu, na mama amesema wazi kwamba haendi kuangalia majumba, anataka kula chakula cha Kizanzibari chenye nazi, kilichopikwa na wenyewe.

Nimesikia mambo matatu. Wengine wananiambia bustani ya Forodhani, pale wanapouza chakula usiku, ndiyo kila kitu. Wengine wanasema niende mkahawa wa Lukmaan, Mkunazini, nikae mezani kama mtu mzima. Shemeji yangu yeye anasema pote huko ni kwa watalii, chakula chenyewe kiko mitaani. Hela yangu si nyingi, na mama magoti yanamsumbua, hawezi kusimama muda mrefu. Nipange vipi?

Binti wa Vuga

Karibu sana dada. Mie nimezaliwa hapa, na naona umeambiwa mambo matatu kama vile lazima uchague moja. Sisi wenyewe hatuchagui hivyo. Chakula cha mjini kina saa zake: asubuhi sokoni Darajani, mchana mkahawani, alasiri bakuli la urojo, usiku Forodhani. Ukienda Forodhani saa tisa mchana utakuta bustani na watoto wanaoruka baharini. Meza zinapangwa jua linapozama.

Kwa mama, mlo mkubwa uwe mchana, Lukmaan. Pale chakula kimewekwa mbele yako, hukisomi kwenye karatasi. Mama anakuja mpaka pale, anakiona, ananyoosha kidole: wali wa nazi, pweza wa nazi, mchuzi wa samaki, biriani, mchicha. Kisha anakaa kitako na analetewa. Kwa mtu wa magoti hilo ni jambo kubwa. Nendeni kabla ya adhuhuri au baada ya saa nane, saa saba panajaa.

Kijana wa Temeke

Nitasema ukweli wangu kuhusu Forodhani. Mwaka juzi nilikwenda na mchumba wangu. Kwenye meza moja tulichukua mishkaki ya kamba na ngisi bila kuuliza bei. Tulipomaliza tukatajiwa hesabu iliyotunyima nauli ya kesho yake. Na ngisi wenyewe walikuwa wagumu, wamepashwa moto zaidi ya mara moja, ilionekana. Niliumia, maana ile safari niliiwekea akiba miezi minne. Dada, usimpeleke mama pale akiwa na njaa. Mwenye njaa haulizi bei.

Muuza Miwa

Kaka wa Temeke, pole sana, na hilo la bei ulilosema ni kweli kwa baadhi yetu, linatuharibia jina sote. Nimesimama Forodhani miaka kumi na moja. Acheni nieleze namna ya kula pale.

Angalia kinachopikwa mbele ya macho yako. Pizza ya Zanzibar inaanza na donge la unga. Linatandazwa jembamba, linawekwa nyama ya kusaga, kitunguu, hoho na yai, linakunjwa, linakaangwa kwenye chuma huku unatazama. Hiyo haiwezi kuwa ya jana. Juisi ya miwa nayo inakamuliwa mbele yako, muwa unapita mashineni pamoja na ndimu na tangawizi. Muhogo wa kuchoma pia salama. Mishkaki ya vitu vya baharini iliyokwisha kuiva na kupangwa ndiyo ya kuangalia. Uliza imepikwa saa ngapi, na akikuchomea mbichi mbele yako, kula. Bei iulize kabla mkono haujagusa kijiti.

Na watoto wako usiwanyime. Bustani ile ilijengwa 1936 kwa jubilei ya Sultani Khalifa bin Haroub, wazee wengine bado wanaiita Jubilii. Ilikarabatiwa upya na kufunguliwa tena 2009. Kuna sehemu za kukaa, bibi atakaa akiangalia bahari na nyinyi mkaleta sahani. Hana haja ya kusimama foleni.

Mzee wa Darajani

Mwanangu wa Morogoro, mimi nakubaliana na shemeji yako, ila si kwa kila alichosema. Lukmaan sisi wenyeji tunakula, tena kila siku, kwa hiyo si pa watalii peke yao. Lakini asubuhi msinywe chai ya hotelini. Njooni Darajani saa moja, kwenye soko lile la 1904. Mkate wa ajemi wa moto, maharage ya nazi, chapati, supu. Baada ya chai pitisha watoto kwenye mnada wa samaki, wamwone papa na samaki taa wakinadiwa. Hayo Morogoro hawayaoni. Mama abaki amekaa kwenye mkahawa, sakafu ya sokoni ina maji na inateleza.

Jioni mpelekeni Jaws Corner, kijiwe chetu cha kahawa, akanywe kahawa chungu na kashata. Vikombe vidogo, mabaraza ya kukalia yapo, na bao linachezwa mpaka usiku.

Binti wa Vuga

Mzee wangu shikamoo. Umesahau urojo!

Mzee wa Darajani

Marahaba mwanangu. Urojo nimekuachia wewe.

Binti wa Vuga

Basi nisikilizeni, maana hapa ndipo nisipokubaliana na wengi. Urojo wa Forodhani si mbaya, lakini si wakati wake wala mahali pake. Urojo ni wa alasiri. Njooni huku Vuga saa kumi, kwa kina mama na vijana wanaouza bakuli mkononi. Ule uji wake wa manjano unatokana na unga wa ngano, manjano na ukali wa embe mbichi au ndimu. Ndani kuna viazi, bajia za dengu, kachori na mishkaki, juu chipsi za muhogo zinazolia mdomoni, chatini ya nazi, pilipili ya kadiri yako. Mwambie muuzaji mapema kwamba pilipili ya mama na watoto iwekwe pembeni. Bakuli moja linatosha watoto wawili.

Nikilazimishwa kuchagua kitu kimoja cha kumlisha mgeni wa Unguja, namlisha urojo. Hautamkumbusha chochote alichokula kwingine.

Niko Maskati

Nikirudi nyumbani kila mwaka, cha kwanza Lukmaan, cha pili urojo, Forodhani naenda kwa ajili ya watoto. Huku Oman bokoboko, ile ngano iliyopikwa na nyama ikapondwa, tunaipata, wenyewe wanaiita harisi, na halua ndiyo kwao. Urojo sijaupata ulio sawa. Dada, halua mnunulie mama siku ya kuondoka, inahimili safari.

Fundi Koja

Nyote mmepanga vizuri ila hakuna aliyeuliza Februari ipi. Mwaka 2026 Ramadhani inatazamiwa kuanza tarehe 18 au 19 Februari, kutegemea mwezi kuandama. Ukija wiki ya mwisho, hakuna chai Darajani wala mchana mkahawani. Kula hadharani mchana ni marufuku na watu hukamatwa. Watoto watakula ndani ya hoteli mliyolala.

Ukiwa tayari kwa hilo, usiku wa Ramadhani una raha yake. Baada ya futari mji mzima unatoka, kuna mkate wa kumimina, sambusa, kaimati, tambi, na Forodhani panachangamka mpaka usiku mkubwa. Lakini futari yenyewe, ya muhogo na ndizi za nazi, inaliwa majumbani. Mgeni asiye na mwenyeji anaikosa.

Na mwanzoni mwa Februari angalia tarehe za Sauti za Busara. Tamasha hilo lipo tangu 2004, na Ngome Kongwe iko jirani kabisa na Forodhani. Muziki mzuri, lakini vyumba vinapanda bei na Forodhani hupati pa kuweka mguu. Kwa mama mwenye magoti mimi ningekwepa.

Mwana Makunduchi

Kama angeweza kusubiri Julai ningesema aje kwetu Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya. Siku ile kila nyumba inapika, na nyumba isiyopata mgeni inahesabiwa haina bahati. Angeitwa yeye, asingetafuta chakula.

Mama Wawili, Morogoro

Nimesoma yote na kumsomea mama. Tunakuja katikati ya Februari, tamasha likishapita na kabla mwezi haujaandama. Siku ya kwanza tunashuka boti saa sita, tunaweka mizigo, Lukmaan saa nane, jioni kahawa na mzee wetu Jaws Corner. Siku ya pili chai Darajani, mchana kupumzika, saa kumi Vuga, usiku Forodhani tukiwa tumekwisha shiba urojo. Pizza na miwa tu, kaka Muuza Miwa, na bei nitaiuliza kwanza.

Mama ana swali moja kwa Binti wa Vuga. Anauliza huo urojo hauwezi kupikwa bila embe, maana embe mbichi inamsumbua tumboni?

Binti wa Vuga

Mwambie bibi nampa shikamoo yake. Wako wanaotumia ndimu peke yake. Mkifika Vuga niulizieni hapa hapa, nitawaelekeza nyumba.