Filta ya mkaa au mashine ya RO: ipi inaondoa madini ya risasi majini?

BintiMikindani: Assalam alaikum. Nimehamia karibu na Owino Uhuru, hapa Mombasa, pale palipokuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Twatumia maji ya kisima. Fundi mmoja ataka kuniuzia filta ya mkaa wa vifuu, mwingine asema RO, ile mashine ya kusukuma maji kwa presha yapite kwenye utando mwembamba. Nina watoto wadogo. Nishike ipi?

FundiBomba: Waalaikum salaam dada. Mkaa huo si wa jiko. Hupigwa mvuke kwenye joto la digrii 800 na zaidi hadi ujae vitundu. Gramu 1 hufikisha eneo la mita 1,000 za mraba. Kwa klorini na harufu, ndio wenyewe. Risasi iliyoyeyuka ndiyo ngumu kuinasa. Mkaa wa chengachenga maji huupita mbio. Tafuta ulioshindiliwa ukawa kama gogo, una alama ya NSF 53 (kipimo cha ubora wa filta), na risasi imetajwa kwa jina. Namba 42 ni ya ladha na harufu, usiuziwe kwa hiyo.

Yakhe_Kuze: Kwani akichemsha?

FundiBomba: Vijidudu vitakufa yakhe, risasi haiendi popote. Maji yakipungua sufuriani ndio yazidi kukolea.

MwalimuKemia: Kwa kisima cha Mombasa mimi ni RO. Vingi vina chumvi, na mkaa hautoi chumvi hata uupange safu tano. RO yatoa chumvi, risasi na kadmiamu (madini mengine ya sumu) kwa mpigo. Lakini yamwaga maji mengi (yaoshee choo), na yataka presha. Halafu utando wake huharibiwa na klorini, kwa hivyo mbele yake huwekwa mkaa. Hao mafundi wako wanagombania biashara tu.

BintiMikindani: Ahsante mwalimu. Fundi wa RO alitumbukiza kikalamu, kikasoma 900, akasema ni risasi hiyo.

MwalimuKemia: Uongo mtupu! Kile chapima chumvi zote kwa jumla. Kikomo cha WHO cha risasi ni mikrogramu 10 kwa lita, kikalamu hakioni kitu kidogo hivyo. Peleka sampuli kwa Mkemia wa Serikali kwanza, pesa za filta baadaye.

FundiBomba: Na ukichukua mkaa, badilisha kwa lita zilizoandikwa. Ukishajaa, risasi yapita, na ladha ni ile ile.

MamaSaida: Dada, hapo msiangalie maji peke yake. Risasi ya Owino Uhuru iliingia hadi kwenye udongo na vumbi. Deki kwa kitambaa kibichi, viatu viachwe nje, watoto wanawe kabla ya kula. Na wapimwe damu.