Mapishi yanasema "steki, dakika tatu kila upande". Mbona yangu inatoka ngumu?

Swali

Habari zenu, ndugu zangu. Jumamosi iliyopita nilikwenda buchani hapa Dar es Salaam nikaomba kilo moja ya steki, nikaikata vipande bapa, kisha nikafuata maelezo ya mapishi kama yalivyoandikwa: nyama iachwe nje ifikie joto la chumba, ikaangwe kwa moto mkali dakika tatu kila upande "ili kufungia maji yake ndani", halafu ipumzishwe. Nilipovitia vipande vyote vinne kwenye kikaango, maji yalijaa vikaanza kutokota, na dakika sita zilipotimia vilikuwa na rangi ya kijivu na vinavutika kama mpira. Baba mkwe alitafuna kipande kimoja kwa muda mrefu, akakisogeza kando ya sahani bila kusema neno. Nimeumia, kwa sababu nilijitahidi kweli.

Naomba kueleweshwa maneno haya yana maana gani. Joto la chumba ni lipi, ikiwa jiko langu mchana linapita nyuzi 30? Nyama inapumzika namna gani? Na yale maji mekundu yanayobaki kwenye sahani, je, si damu?

Jibu la kwanza

Pole sana, dada yangu. Nimeuza nyama kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu tatizo lako lilianza kabla hujawasha jiko, kwenye neno "steki" lenyewe. Buchani kwetu mteja akiomba steki tunaelewa nyama isiyo na mfupa, tofauti na mchanganyiko, na tunaikata popote penye mnofu. Mara nyingi ni paja au bega, yaani misuli ambayo ng'ombe ameitembelea maisha yake yote. Aliyeandika mapishi yale alikusudia nyama laini ya mgongoni, iliyokatwa kwa kukatiza nyuzinyuzi za nyama, yenye unene wa karibu sentimita 2.5. Siku nyingine usiseme steki: omba sarara, ule ukanda wa ndani unaofuata uti wa mgongo, na umwambie muuzaji asiukatekate, utaukata mwenyewe nyumbani.

Liko jambo jingine ambalo mapishi hayalitaji kwa sababu huko yalikoandikwa linajulikana. Nyama yao huwa imetunzwa kwenye baridi wiki mbili, tatu, hata nne baada ya kuchinjwa, na katika muda huo vimeng'enya vya nyama yenyewe vinailainisha. Yetu huchinjwa usiku na asubuhi iko kwenye ndoano. Ukiiweka kwenye friji siku mbili au tatu kabla ya kuipika utaona tofauti. Wengine hupaka papai bichi, nalo linalainisha kweli, ila likizidi muda sehemu ya juu inakuwa kama uji.

Jibu la pili

Naongezea upande wa jikoni. Joto la chumba linalotajwa ni la nchi za baridi, karibu nyuzi 20, na hata huko nusu saa haibadilishi sana joto la katikati ya kipande kinene. Kwetu sioni faida ya kuiacha nje, maana katika joto letu vijidudu huongezeka haraka. Kilicho muhimu ni ukavu. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na ile rangi ya kahawia yenye harufu nzuri huanza kujitokeza vizuri karibu na nyuzi 140. Kwa hiyo maadamu kikaango kina maji, nyama yako inachemshwa tu. Ifute kwa kitambaa safi hadi isilowanishe kidole, tumia kikaango kizito kama kile cha chapati, na ukaange kipande kimoja kimoja.

Habari ya "kufungia maji" ilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig katika miaka ya 1840, na si kweli: ule mlio unaousikia nyama inapogusa mafuta ni wa maji yanayotoka na kugeuka mvuke. Tunakaanga kwa moto mkali kwa ajili ya ladha. Kupumzisha maana yake ni kuiacha dakika tano kabla ya kuikata, ili joto lisambae na maji yake yawe mazito kidogo yasimwagike yote kwenye sahani. Maji hayo mekundu si damu, kwani damu ilitoka wakati wa kuchinja. Rangi yake ni ya mayoglobini, protini iliyomo ndani ya msuli.

Jibu la tatu

Mimi nina tahadhari moja. Mapishi mengi yanasifu nyama nusu mbichi, ya nyuzi kama 55 katikati, lakini nyama ya ng'ombe inaweza kuwa na tegu. Nunua yenye muhuri wa mkaguzi, na upike hadi katikati ifike nyuzi 63, kisha iache dakika tatu, kama Wizara ya Kilimo ya Marekani inavyoshauri kwa vipande vizima. Kima, yaani nyama ya kusaga, ni habari nyingine, hiyo ifike 71. Kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama kitakusaidia kuliko saa, kwa kuwa "dakika tatu" za kipande chembamba si dakika tatu za kinene.

Muulizaji

Asanteni sana. Leo nimepata sarara, nimeikata vipande vya vidole viwili, imelala kwenye friji juu ya waya bila kufunikwa. Baba mkwe amealikwa tena Jumapili.