Naomba ushauri: saini za daftari la mwani na kompyuta za kwantamu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Ninatengeneza daftari la blokucheni (daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta kadhaa kwa pamoja, rekodi zikifungwa kwa mafungu yaitwayo vitalu) la vikundi vinne vya wakulima wa mwani, Paje, Bwejuu, Jambiani na Makunduchi, ambamo gunia likishapimwa, kompyuta tatu kati ya nne zikikubaliana kwa kura uzito wake, rekodi hufungwa; mashine moja ikikorofika au ikidanganya, kazi haisimami.

Kinachonitia wasiwasi ni saini za kidijitali, yaani alama za kihisabati zinazothibitisha kura au rekodi imetoka kwa nani. Tangu mwaka 1994 mwanahisabati Peter Shor alikwishaonyesha kwamba kompyuta ya kwantamu (inayokokotoa kwa kanuni za fizikia ya chembe ndogo sana) yenye uwezo wa kutosha itavunja saini za aina tunayotumia, na Agosti 2024 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa viwango vipya vya kuhimili kompyuta hizo, kikiwemo ML-DSA cha saini. Lakini saini yangu ya sasa ina baiti 64, ilhali ya ML-DSA, hata ile ndogo kabisa, ina baiti 2,420, na kila kura hubeba saini yake. Juzi Jambiani, kwa mtandao wa simu ulivyo (na maji yanajaa, kina mama wanataka kuondoka), hata kura ya baiti 64 ilichelewa.

Je, nihamie ML-DSA moja kwa moja, hata kwenye kura, au saini mpya niiweke kwenye vitalu vilivyofungwa tu? Naelekea la pili, kwa kuwa kura hudumu sekunde chache na rekodi hukaa miaka; aliyewahi kujaribu anielekeze ninapokosea.