Naomba ushauri: filamu ninazopenda huwachosha wenzangu

Wapendwa, hamjambo. Naishi Umoja, na Jumamosi jioni majirani huja kwangu tutazame filamu. Zamu yangu ya kuchagua ikifika, kila mtu anashika simu. Napenda zile zilizopondwa, kama Waterworld ya 1995: dunia imefunikwa na maji, Kevin Costner ana matamvua nyuma ya masikio, na ile mashua yake, jamani, fundi aliifanyia kazi! Hata Batman & Robin ya 1997 naifurahia bila aibu, barafu na yote. Nimejaribu kuwaeleza uzuri wake kabla hatujaanza, wakazidi kunicheka.

Niwaanzishie filamu gani ya aina hii isiyowachosha? Na kuna duka la muvi hapa Nairobi linaloweka hizi za zamani kwenye flashi?